Kuwatafuta Wasanii Wapya wa Thika na Ruiru

Msomaji atakaye kuwajua wasanii na wabunifu wa mavazi wanaochipukia katika Kenya aghalabu huelekezwa Nairobi, na maelekezo hayo si ya uongo, kwa kuwa Nairobi ndiko ziliko nyumba za maonyesho, wanunuzi wenye nafasi na waandishi wa magazeti. Walakini kazi ya msanii ikishatundikwa katika ukumbi wa namna hiyo, mwenyewe huwa amekwisha kuonwa na wengine, bei yake imekwisha kukatwa, na habari za maisha yake zimekwisha kupangwa ziwapendeze wageni. Amtakaye chipukizi hana budi kumfuata mahali anapojifunzia kazi, kabla jina lake halijajulikana hata na majirani. Na kwa maoni yangu Ruiru na Thika, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyofuatana kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda kaskazini, inastahili safari hiyo kuliko mahali pengi palipopambwa kwa sifa.

Sababu ya kwanza ni viwanda. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na maji ya mito ya Chania na Thika yalikuwa karibu, basi si ajabu kwamba mji ule uligeuka kuwa mji wa mitambo. Mwaka 1958 kilianzishwa kiwanda cha Thika Cloth Mills, ambacho hata leo hupokea pamba, kikaisokota, kikaifuma, kikaitia rangi na kuitoa ikiwa kitambaa kilicho tayari kwa mkasi. Ruiru nako kuna Spinners and Spinners, wasokotao nyuzi na kufuma mablanketi. Na Thika yenyewe ina viwanda vya kutengeneza ngozi. Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mitumba ikamiminika, viwanda vya nguo vya nchi hii vilianguka kimoja baada ya kimoja, KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikiwa mashuhuri miongoni mwa vilivyozima mitambo, ijapokuwa Rivatex ilikuja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ikafufuliwa. Na vilivyosalia vilijishikiza kwa sare za shule, za askari na za hospitali. Lakini maarifa ya nyuzi hayafungiwi ndani ya lango la kiwanda. Mji uliokaa na pamba kwa zaidi ya miaka 60 huwa na watu wajuao, kwa kugusa tu, kama kitambaa kitachuja rangi au kitarudi kikifuliwa, na kijana akuaye miongoni mwao hupata bure elimu ambayo mwenzake wa mahali pengine huilipia karo.

Kijana huyo si rahisi kumtambua, kwa sababu kibao cha mlangoni pake humwita fundi wa nguo, na mwaka wake wote umegawanywa na haja za wengine. Kabla shule hazijafunguliwa hushona sare usiku na mchana. Ikifika Agosti, na tena Desemba, huja watu wa harusi na watu wa ruracio, yaani shughuli ya mahari kwa desturi ya Wagikuyu, ambayo siku hizi imekuwa tamasha kubwa la mavazi ya kitenge kuliko jukwaa lolote la mitindo. Mteja huingia kibandani na simu mkononi, humwonyesha fundi picha ya vazi alilovaa mtu mwingine katika nchi nyingine, akasema anataka kama hilo. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba hapo hapana ubunifu, ila mwigo mtupu. Mimi nawaomba watazame tena. Vazi la pichani lilikatwa kwa mwili wa namna nyingine na kwa kitambaa cha uzito mwingine, na fedha za mteja wa Thika hazitoshi kununua yadi zote zilizotumiwa. Kwa hiyo fundi hulazimika kuhamisha mshono, kupunguza marinda, kubuni ukosi utakaokaa vyema bila bitana nzito, na katika mabadiliko hayo madogo ndimo akili yake inamojidhihirisha.

Basi amtafutaye mbunifu asianze kwa kutazama uso wa vazi. Aombe kwa adabu aligeuze ndani nje. Atazame kama maua ya kitenge yamekutana penye mshono wa mgongo au yamekatika vipande viwili visivyojuana. Atazame kwapa, mahali ambapo fundi mvivu hufichuka upesi kuliko pengine popote. Atazame upindo na zipu. Kisha aulize aonyeshwe vazi la pili na la tatu, kwa kuwa vazi moja zuri huweza kuwa bahati, lakini mavazi matatu yaliyotoka mkono mmoja, yenye tabia moja ya kukata bega au ya kupanga rangi, ni ushahidi wa mtu mwenye fikira yake mwenyewe. Cheti cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambacho hupatikana kwa mtihani wa ufundi wenye daraja tatu, huonyesha kwamba mtu ameijua kazi; tabia hiyo moja, ipitayo katika nguo zote, hakuna mtihani uwezao kuipima.

Kadhalika mitumba, ambayo iliua viwanda, imelea wabunifu. Katika masoko ya miji hii wachuuzi huchambua robota na kuziweka kando nguo zilizo bora, ziitwazo kamera, na zile za mwisho, zilizotoboka au zenye doa, huuzwa kwa bei ya kutupa. Hizo za mwisho ndizo zimtoshazo kijana asiye na mtaji: suruali za jinzi hupasuliwa zikawa mikoba, makoti ya Ulaya hukatwa mikono yakaungwa na kanga. Katika Nairobi kazi kama hiyo imepata jina na wateja, kama ilivyo kwa mikoba ya Suave. Kwa hiyo mwenye kuzunguka sokoni asiwatazame wauzaji peke yao. Awatazame wanunuzi, na akimwona kijana akiokota nguo zilizokataliwa na wote, amfuate mpaka kibandani kwake.

Wachoraji nao wana barabara yao. Kwa muda mrefu matatu zimekuwa kuta za maonyesho kwa vijana ambao hawakuwahi kuingia katika jumba la sanaa, na historia ya kazi hiyo imefungamana na sheria: kanuni za mwaka 2004, zinazokumbukwa kwa jina la waziri John Michuki, zilizitaka gari zote zivae mstari wa manjano, na michoro ikafutwa, mpaka mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotamka kwamba vijana waachwe wachore. Sura nyingi zilizo ubavuni mwa gari hizo ni za wanamuziki na wachezaji mpira zilizonakiliwa kutoka pichani. Palipo na jambo la kutazamwa ni pembeni mwa sura hizo, katika herufi na katika mapambo yanayozijaza nafasi tupu, kwa kuwa hapo mchoraji hakuwa na picha ya kunakili.

Jambo la kunakili na kutonakili lilimshughulisha sana Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika mwaka 1932 na mwanafunzi wa Makerere, ambaye mwaka 1959 alichora picha tano kubwa katika kuta za kanisa la kumbukumbu ya mashahidi huko Murang'a, kaskazini ya Thika. Alimchora Kristo mweusi, na maisha ya Kristo huyo akayaweka katika vilima na mashamba ambayo waumini wale walikuwa wakiyaona wakitoka mlangoni. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, nyumba ya sanaa ya Waafrika wenyewe, ambayo baadaye ilihamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu.

Katika nyumba hiyo ndimo alimopata makazi ya kufanyia kazi Rosemary Karuga, na habari zake ningependa kila mpenda sanaa azijue. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere tangu 1950 hadi 1952, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa. Kisha akarudi Kenya akawa mwalimu, na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyemwuliza habari za kipaji chake. Uzeeni aliirudia kazi, na kwa kuwa hakuwa na fedha za rangi alikata vipande vya karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za mafuta ya kupikia ya Cowboy, akavibandika kwa subira mpaka vikawa kuku, wanawake, ng'ombe na miti. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Alikuwa na umri wa miaka kama 62, na watu wakamwita msanii mpya. Alifariki mwaka 2021 katika Ireland. Nikifikiri juu ya miaka ile 30 huona uchungu, kwa sababu karatasi za sabuni zilikuwapo siku zote, na macho yake yalikuwapo. Hakukuwa na mtu wa kumgongea mlango.

Milango ya leo imezidi kuwa mingi. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichopo Kahawa kabla ya kufika Ruiru, katika mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Waingereza mpaka miaka ya 1960, hufundisha sanaa za uchoraji na ubunifu wa mavazi, na wahitimu wake wengi hupanga vyumba Ruiru kwa kuwa kodi yake ni nafuu kuliko ya Nairobi. Aingiaye katika maonyesho ya wanafunzi huweza kuzungumza na msanii mwenyewe, aliyesimama kando ya kazi yake akiwa na hofu na hamu ya kuulizwa.

Akipenda kitu, na akinunue, wala asiombe kupunguziwa mpaka faida iishe, kwa kuwa chipukizi akikata tamaa mwaka wa kwanza hurudi kushona sare peke yake. Amwombe aandike nyuma ya picha, au katika kitambulisho kilichoshonwa ndani ya vazi, jina lake, mwaka na mahali. Maana mnada wa sanaa wa Circle Art ulipoanza Nairobi mwaka 2013, kazi za Afrika Mashariki ziliingia katika soko ambamo asili ya kitu huulizwa kwanza. Na amkumbushe habari za sheria, ambazo vijana wengi hawajaambiwa: picha hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na umbo jipya la mkoba au kiatu huweza kusajiliwa katika KIPI, taasisi ya nchi ya haki za ubunifu wa viwandani, kwa miaka 5, usajili ambao huongezwa mara mbili hadi kutimia miaka 15, ila maombi yapelekwe mapema, kabla mtindo huo haujasambaa katika simu za watu.