Bustani ya mboga jangwani: Pima maji kabla ya kushika jembe

Wakazi wengi wa Lodwar, Garissa, Wajir na maeneo mengine kame huamini kwamba mboga za majani ni chakula cha watu wa nyanda za juu. Kwa sababu hiyo, watoto wengi hulishwa ugali na chai au wali mtupu miezi nenda miezi rudi. Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huweza kushindwa kuona vyema jua likishatua, na maradhi kama surua humlemea upesi. Ukosefu wa madini ya chuma nao humpunguzia damu mama mja mzito.

Je, waweza kupanda mboga mahali kama Lodwar, ambapo mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi? Naam, mradi usianze kwa kulima. Anza kwa kupima maji.

Katika joto kali, kitalu cha mita moja mraba kilichojaa mboga huhitaji yapata lita 5 hadi 7 za maji kwa siku. Hivyo basi, mtungi mmoja wa lita 20 hutosha mita 3 mraba. Ikiwa hayo ndiyo maji unayoweza kupata kila siku hata kiangazi kikikaza, basi hiyo ndiyo bustani yako. Wengi hulima eneo kubwa wakati wa mvua, halafu kisima kikipungua kila kitu hukauka. Kitalu kidogo kinachonyweshwa vya kutosha kitakulisha kwa muda mrefu zaidi.

Hesabu pia maji uliyooshea mboga na ya kusuuzia nguo. Yamwage chini kando ya shina, si juu ya majani. Maji ya kufulia nepi au yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike bustanini. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, usipande maharagwe. Spinachi huvumilia zaidi.

Kitalu cha kuzama

Kwenye mvua nyingi watu huinua matuta. Wewe fanya kinyume. Chimba kina cha sentimita 60 na upana wa mita moja, ili ufikie katikati bila kukanyaga udongo. Tandika majani makavu chini, kisha rudisha udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na huweza kuleta viini vya kuhara. Udongo ubaki sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi, ili maji yasitiririke nje.

Baada ya miche kuota, funika udongo kwa nyasi kavu. Weka kivuli chepesi cha makuti au magunia, hasa upande wa magharibi ambako jua la alasiri huchoma. Zungushia miiba, kwani mbuzi hatakusubiri uvune. Mwagilia alfajiri au jioni, na pipa la maji lifunikwe daima ili mbu wasizaliane.

Panda nini?

Kunde na mchicha ndizo za kwanza. Majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Chuma majani machache machache, usiling'oe shina, nalo litachipuka tena. Pembeni panda mlonge. Mizizi yake ikishashika, mti huo huvumilia ukame, na majani yake ni mboga.

Pika mboga kwa dakika chache na uzitie mafuta kidogo, kwani bila mafuta mwili hupata vitamini A kwa shida. Kamulia ndimu ili mwili uyapate madini ya chuma. Chai nayo isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini hayo. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe mboga zilizopondwa.

Hata hivyo, bustani haichukui nafasi ya kliniki. Endelea kumpeleka mtoto apewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5. Na ukiona anapapasa njia magharibi ikiingia, usingoje kunde zikomae. Mpeleke hospitalini mara moja.