Aliyepotea Miaka 140, Aliyeonekana Sufuriani

Kati ya ndege wa ardhini, bingwa wangu wa kupotea yuko kisiwani Fergusson, Papua New Guinea. Ni njiwa mkubwa kama kuku, mwili mweusi, mabawa rangi ya kutu, anayetembea chini msituni huku mkia ukipanda na kushuka. Wataalamu walimwandika mara ya mwisho mwaka 1882. Mwaka 2022 kikosi cha watafiti kilizunguka kisiwa hicho mwezi mzima kikitega kamera zinazojifyatua mnyama akipita, kisiambulie kitu. Mwindaji wa kijiji cha Duda Ununa, Augustin Gregory, ndiye aliyewaelekeza: auwo, kama wenyeji wanavyomwita, yeye alikuwa amemwona na kumsikia, huko kwenye magenge. Kamera ikafungwa huko. Zikiwa zimebaki saa chache waondoke, wakapitia picha na kumkuta akijitembelea. Miaka 140 hiyo, kwa hiyo, ni ya makumbusho. Gregory hakupotewa na ndege yeyote.

Mwingine ni kekeo wa ardhini wa Sumatra, wa ukoo mmoja na dudumizi wetu: kimya tangu 1916 hadi 1997.

Kwa yai, sioni wa kushindana na maleo wa Sulawesi. Yai lake moja ni kama matano ya kuku. Jike na dume hulifukia kwenye mchanga uliopashwa na jua, au udongo wenye joto la volkano, kisha huenda zao. Miezi miwili au mitatu baadaye kinda hujifukua mwenyewe, na siku hiyohiyo huweza kuruka. Hajui mama wala baba. Kinachommaliza ni watu kuchimbua mayai, na tangu 2021 amewekwa katika daraja la mwisho la hatari kwa ndege ambao bado wako porini.

Sijui hata kama kuku-mwitu wa Edwards, wa Vietnam, bado yuko porini. Hajathibitika kuonekana huko tangu 2000. Tanzi za waya zimejaa msituni. Waliopo wanafugwa.

Na nyumbani Tanzania? Kwale wa Udzungwa hajafikia hatari ya wenzake hao, ila kwa namna ya kugunduliwa hana mpinzani. Ndugu zake wa karibu wako Asia, na sayansi ilimpa jina mwaka 1994 tu. Miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini milimani, walichokiona kwanza ni miguu miwili ya ndege wasiyemjua, ikielea sufuriani.