Figo Zikishindwa, Tezi ya Shingo Nayo Huyumba

Milimani kama Uluguru, mvua huosha madini joto kutoka kwenye udongo, na mahali yanapokosekana, tezi ya shingo huvimba ikawa rovu. Tangu sheria ya chumvi yenye madini joto katikati ya miaka ya 1990, tatizo limepungua sana. Hata hivyo, wakazi wengi wa Mgeta, kwenye milima hiyo, wakiambiwa tezi ina hitilafu hufikiria chumvi kwanza. Kwa mgonjwa wa figo, wazo hilo linaweza kumpotosha.

Tezi hiyo hutoa hasa homoni ya T4, ambayo ni akiba tu. Inayofanya kazi ni T3, na sehemu kubwa yake hutengenezwa nje ya tezi, kwenye ini, figo na viungo vingine. Figo zikishindwa, taka za mwili hubaki kwenye damu. Mojawapo ni indoksili salfeti, inayoanzia kwa bakteria wa utumbo wanapovunjavunja protini. Taka hii huzuia T4 kuingia kwenye seli za ini. Asidi inayozidi mwilini nayo hupunguza ugeuzaji wa T4 kuwa T3. Basi T3 hushuka, huku TSH, homoni itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na inayoiamuru tezi ya shingo, mara nyingi ikibaki kawaida. Tezi ya shingo yenyewe huenda ni nzima kabisa.

Lakini ipo njia nyingine, nayo huigusa tezi moja kwa moja. Madini joto tunayokula hutoka zaidi kwa mkojo. Figo zikidhoofu, madini hayo hulimbikizana. Mwaka 1948 Wolff na Chaikoff walionyesha kwa panya kuwa madini joto yakizidi, tezi huacha kutengeneza homoni. Tezi yenye afya hujinasua baada ya siku chache, ila ya mgonjwa wa figo inaweza kushindwa. Hivyo shingo inaweza kuvimba kwa upungufu na pia kwa wingi wa kitu kilekile. Anayekula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huongezewa thiosainati, ambayo huzuia madini joto kuingia kwenye tezi, na yenyewe pia hutegemea figo ili itoke.

Ugumu uko kwenye dalili. Uchovu, ngozi kavu, uso kuvimba na kuhisi baridi ni dalili za ugonjwa wa figo na pia za tezi iliyolegea, na kule milimani kuhisi baridi hudhaniwa ni hali ya hewa tu. Kwa maoni yangu, T3 ndogo peke yake haitoshi kumwanzishia mtu vidonge vya homoni, kwa kuwa homoni ya ziada huuchosha moyo ambao tayari umeelemewa. TSH ikipanda sana na T4 huru (isiyoshikwa na protini za damu) ikashuka, hapo tiba ni ya lazima. Damu ya kipimo ichukuliwe kabla ya kuanza kusafisha damu, maana heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotumika kwenye mashine, hupandisha T4 huru kwa uongo. Na tezi iliyolegea kweli huongeza kreatinini, taka inayotumika kupima kazi ya figo, hivyo kuitibu kunaweza kuzirudishia figo sehemu ya nguvu zake.