Sura mpya, chesisi ile ile: Soko la Porsche 911 lilivyowageuka waliobadili magari

BIASHARA ya kulivika gari la zamani sura ya toleo jipya ni ya miaka mingi, lakini ni magari machache ya michezo yaliyofanyiwa hivyo kwa wingi kama Porsche 911 ya Ujerumani. Gari hilo lilibaki na umbo lile lile kwa miongo kadhaa. Kwa sababu hiyo, mwenye toleo la zamani aliona kwamba kinachomtenganisha na mwenye toleo jipya ni bampa, taa na kazi ya wiki chache kwa fundi bodi.

Waliofanya hivyo katika miaka ya 1980 na 1990 walitoa fedha nyingi wakiamini magari yao yatapanda thamani. Soko limewapa jibu jingine. Gari linalotafutwa sasa ni lile lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani, na lililobadilishwa humlazimu mwenyewe kushusha bei. Mwenendo wa soko hilo una funzo kwa yeyote anayenunua, kuuza au kukarabati gari lililotumika.

Kwa wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki, 911 si ngeni. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alishika nafasi ya pili katika Safari Rally akiendesha gari hilo, na mwaka 1978 Vic Preston Jr. wa Kenya naye akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo.

Ili kuelewa bei, ni lazima kwanza kuyajua matoleo. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963. Hadi yale ya mwaka 1973, boneti ilikuwa ndefu na kushuka hadi kwenye bampa nyembamba. Toleo la 1974 lilikuja na boneti fupi na bampa kubwa, kutokana na sheria za Marekani zilizotaka bampa zihimili mgongano wa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8 hivi. Sura hiyo ilidumu hadi 1989.

Ndipo likaingia toleo linalojulikana kwa namba 964. Lilikuwa na bampa laini zilizoungana na bodi, na bawa la nyuma linaloinuka lenyewe gari linapofikia kilomita 80 kwa saa. Mwaka 1993 likafuata toleo la 993, lenye taa za mbele zilizolala na madigadi pana za nyuma. Uzalishaji wake ulipomalizika mwaka 1998, ndiyo ikawa mwisho wa 911 zenye injini inayopozwa kwa hewa.

Kila toleo jipya lilipoingia, lililotangulia lilionekana limechakaa hata kama liko safi. Gari la 1972 lilipofika miaka ya 1980 lilikuwa mtumba tu, na mnunuzi aliliona hivyo kwa kutazama boneti. Wauzaji wa vipuri waliitambua haja hiyo. Zikauzwa seti za bampa, madigadi na mabawa, nyingine za bati na nyingine za faiba, za kumwezesha mtu kuruka miaka 10 au zaidi bila kununua gari jingine.

Kwa upande wa ufundi, kazi hiyo ina sehemu mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua hasara ya baadaye. Kwenye 911, madigadi za mbele, boneti na milango hufungwa kwa bolti. Fundi mwenye spana anaweza kuzitoa na kuweka nyingine, na kesho akazirudisha. Lakini madigadi za nyuma zimechomelewa kwenye bodi. Mwenye gari aliyetaka upana wa 911 Turbo, iliyoingia sokoni mwaka 1975, ilimpasa akubali bati la kiwandani likatwe na jingine lichomelewe mahali pake. Likishakatwa, halirudi.

Kulipa gari la miaka ya 1980 sura ya 964 hakukuwa kugumu sana, kwa kuwa paa, milango na vioo vilikuwa na umbo lile lile. Kazi kubwa ilikuwa bampa, vifuniko vya ubavuni na sehemu za chini za madigadi. Sura ya 993 ilikuwa na gharama zaidi, kwa vile karibu bati lote la nje, isipokuwa paa na boneti, lilikuwa limechorwa upya. Katika hali zote mbili gari zima lilihitaji kupigwa rangi, kwani rangi mpya haifanani na ya zamani iliyokaa juani miaka mingi.

Baada ya gharama zote hizo, kilichoko chini hakikubadilika. Carrera ya 1984 hadi 1989 iliyouzwa Ulaya ilikuwa na injini ya lita 3.2 yenye nguvu za farasi 231, wakati 964 ya kawaida ilikuwa na lita 3.6 na nguvu za farasi 250. Aidha, 964 ilikuwa na springi za koili, usukani wa pawa na breki za ABS, vitu ambavyo gari la zamani halikuwa navyo. Mwenye gari alikuwa amelipia sura peke yake, na sura ya toleo jipya hushuka bei siku toleo jipya zaidi linapotoka.

Kilichofuata wengi hawakukitarajia. Baada ya Porsche kuhamia kwenye injini ya kupozwa kwa maji, wanunuzi walianza kurudi nyuma kutafuta zile za hewa. Walioanza kupanda walikuwa wale wale waliodharauliwa, magari ya boneti ndefu. Carrera RS ya 1973, iliyokusudiwa itengenezwe magari 500 ili ikidhi masharti ya mashindano na hatimaye yakafika 1,580, baadhi yake zimeuzwa minadani kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 1. Magari ya kawaida ya miaka hiyo nayo yalipanda.

Hapo ndipo hesabu zilipogeuka. Aliyekuwa ametupa boneti na madigadi za 1972 alijikuta akizitafuta tena, safari hii kwa bei ya vitu adimu. Aliyekuwa amekata bati la nyuma alilipa mara ya pili kulichomelea upya, au aliuza gari kwa punguzo ambalo mnunuzi alilitaja kabla hata ya kuwasha injini.

Leo mtindo unakwenda kinyume kabisa. Singer, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 2009, huchukua 964 za wateja na kuzivika sura ya magari ya kabla ya 1974, kwa gharama inayozidi nusu milioni ya dola. Gari lililokuwa likiigwa sasa ndilo linalovuliwa sura yake. Hata hivyo, kila 964 inayokatwa inapunguza idadi ya zile zilizobaki za asili, na waliokatwa miaka ya 1980 wanajua hali hiyo inaweza kuishia wapi.

Je, kila gari lililobadilishwa hupoteza thamani? Hapana. Porsche yenyewe iliuza katika miaka ya 1980 magari yenye pua bapa, yaliyofuata sura ya gari lake la mashindano la 935, na yale yenye uthibitisho wa kiwanda huuzwa ghali kuliko yaliyoigwa mitaani. Kazi za Singer nazo huuzwa kwa jina la Singer. Soko haliadhibu kubadili kwenyewe, linaadhibu kazi isiyojulikana nani aliifanya, lini, na kwa vifaa gani.

Kwa mnunuzi, uchunguzi unaanza kwenye chesisi wala si kwenye bampa. Namba hiyo imegongwa kwenye buti la mbele, chini ya zulia. Kwa magari ya kuanzia 1981, yenye namba ya tarakimu na herufi 17, nafasi ya 7, ya 8 na ya 12 zikisomwa pamoja hutaja aina: 911, 930, 964 au 993. Kwa yale ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya Marekani pia, nafasi ya 10 hutaja mwaka: E ni 1984, K ni 1989, L ni 1990. Gari lenye sura ya 964 na namba inayosomeka 911 ni la zamani lililobadilishwa, hata muuzaji aseme nini.

Uchunguzi wa pili hauna gharama. Pitisha sumaku juu ya madigadi za nyuma. Pale ambapo haishiki kuna faiba au pati nene. Tazama vichwa vya bolti za madigadi za mbele kama rangi imechubuka, na kagua kwa ndani kama kuna mishono ya kuchomelea ambayo si ya kiwandani.

Jambo hili linawagusa hata wasioota kumiliki Porsche. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyochakaa. Umri huo husomwa kwenye kumbukumbu za gari. Grili na taa za toleo jipya havimpunguzii mwagizaji hata senti moja ya ushuru, ila humwongezea bei anayolipa kwa muuzaji.

Kwa mwenye gari ambaye bado anataka kubadilisha, ushauri wa soko ni mfupi. Badili kinachofungwa kwa bolti, usiguse kilichochomelewa. Vifaa vilivyotolewa vihifadhiwe mahali pakavu badala ya kuuzwa kama vyuma chakavu. Piga picha kila hatua, tunza risiti, na siku ya kuuza mweleze mnunuzi ukweli wote. Kizuri chajiuza, lakini gari lililofichwa umri wake halijiuzi: mtu akishaukuta uongo mmoja kwenye bati, huanza kukisia mwingine kwenye injini, na kila anachokisia hukikata kwenye bei.