Kasi Zisizo Sanifu katika Mlango wa Mfuatano

Utangulizi

Yakusu, kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, ndiko John F. Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938, alikochunguza ngoma za gogo za Walokele. Matokeo aliyachapisha mwaka 1949 katika kitabu Talking Drums of Africa. Ngoma hizo hutoa toni mbili tu, ya juu na ya chini. Maneno ya Kilokele sango (baba), songe (mwezi) na koko (kuku) yote yana toni mbili za juu, hivyo yakipigwa peke yake hayatofautiani. Mpigaji hulazimika kulirefusha kila neno kwa fungu la maneno linalolipambanua.

Kompyuta nayo hutumia alama mbili, lakini hupambanua maana kwa kupima wakati. Makala haya yanaeleza upimaji huo katika mlango wa mfuatano, yaani mlango unaopitisha alama moja baada ya nyingine, na kuonyesha kwa nini mfumo endeshi haupaswi kuifanya orodha ya kasi sanifu kuwa mpaka.

Kasi ni mapatano

Katika mlango huu hakuna waya unaopeleka mapigo ya saa. Kila upande huhesabu kwa saa yake. Kwa kawaida baiti moja husafiri kwa biti 10: moja ya kuanzia, nane za habari na moja ya kumalizia. Kwa hiyo kasi ya biti 9,600 kwa sekunde hupitisha herufi 960. Mpokeaji huanza kuhesabu aipatapo biti ya kuanzia, kisha husoma kila biti katikati yake. Saa mbili zikihitilafiana kwa kiasi cha asilimia 5, ifikapo biti ya kumi usomaji huwa umeteleza, na maandishi hugeuka takataka. Kasi yoyote yafaa, mradi pande zote mbili zimekubaliana.

Asili ya orodha

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 iliuendesha mlango huu kwa saa ya mapigo 1,843,200 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa 16 hutoa 115,200, nayo 115,200 ikigawanywa kwa 12 hutoa 9,600. Mifumo ya Unix ilizipa kasi zilizozoeleka majina, kama B9600 na B38400, na programu haikuweza kuomba kasi isiyo na jina. Hata hivyo, vyombo vya muziki vya MIDI, vilivyoanza mwaka 1983, hutumia kasi ya 31,250, ambayo haimo katika orodha hiyo.

Marekebisho

Linux, iliyoanza mwaka 1991, ilitumia kwanza njia ya mkato. Mtumiaji aliweka kigawanyo chake kwa programu ya setserial. Kisha programu nyingine ikiomba 38,400 ilipewa kasi tofauti. Jina lilibaki, maana ikabadilika. Baadaye iliongezwa alama ya BOTHER pamoja na muundo wa termios2, ambamo kasi huandikwa kwa nambari yenyewe. Mwaka 2025, toleo la 2.42 la maktaba ya GNU C lilizifungulia programu za kawaida njia hiyo.

Ruhusa hiyo pekee haitoshi. Kwa saa ya IBM PC, kigawanyo 4 hutoa 28,800, pungufu ya 31,250 kwa karibu asilimia 8, na mawasiliano huvunjika. Saa ya mapigo 24,000,000, ikigawanywa kwa 16 na kisha kwa 48, hutoa 31,250 kamili. Hivyo mfumo endeshi hauna budi kutafuta kigawanyo kilicho karibu zaidi, na kumwarifu mwombaji kasi iliyopatikana kweli.

Hitimisho

Neno "sanifu" si geni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kiswahili kisemwacho Kisangani hakifuati sarufi sanifu katika kila jambo, lakini biashara sokoni haikwami, kwa kuwa wasemaji wanaelewana. Usanifishaji huwawezesha wasiojuana kuanza mazungumzo. Wale waliokwisha kukubaliana, wawe watu au mashine, hawastahili kunyamazishwa kwa sababu tu jina la mapatano yao halimo katika orodha.