Picha ya ndani: kwa nini uso unatoka mweusi, na mlango unavyokusaidia

Bibi yangu alipofariki, wajukuu tulifungua simu zetu kutafuta picha ya kuweka msibani. Picha zilikuwepo nyingi, zimepigwa sebuleni kwake. Karibu zote zilifanana: dirisha nyuma linawaka kama jua, na yeye ni kivuli kilichovaa kanga. Mwishowe tulikuza ile ya kitambulisho, ambayo hata yeye alikuwa haipendi.

Simu zetu hazikuwa mbovu. Kamera ya simu hupima mwanga wa eneo lote linaloonekana. Dirisha likiwa nyuma ya mtu, simu inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Ukuta mweupe wa chokaa hufanya hivyohivyo, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi.

Kwa hiyo mgeuze mtu. Fungua mlango, mweke ndani hatua moja au mbili, mahali ambapo jua lenyewe halimchomi, na uso uelekee nje kwa upande kidogo. Wewe simama karibu na mlango bila kuuziba. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Simu nyingi zikiguswa hivyo hupima mwanga wa pale ulipogusa, na nyingine huonyesha alama ya jua unayoweza kuisogeza juu ili picha iongezeke mwanga. Lakini kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini. Mikono yetu inatoka jikoni, na mafuta kidogo tu yanatia ukungu picha nzima.

Upande wa uso ulio mbali na mlango ukibaki na giza, mtu mwingine ashike shuka jeupe au kiroba cheupe upande huo. Mwanga wa mlangoni utagonga hapo na kurudi usoni. Angalia pia rangi ya kuta, maana ukuta wa kijani hutupa ukijani shavuni, nawe utadhani mtu anaumwa. Mchana zima balbu. Mwanga wake ukichanganyika na wa nje, nusu ya uso huwa na unjano na nusu nyingine ubuluu.

Usiku ni kazi zaidi. Flashi ya simu hung'arisha paji la uso na pua, nyuma kukawa giza tupu. Afadhali uchukue taa ya sola au tochi ya simu nyingine, uielekeze kwenye ukuta mweupe ulio ubavuni mwa mtu, ili mwanga umfikie ukiwa umelainika. Isogeze karibu, kwani ukiongeza umbali wa taa mara mbili, mwanga unaomfikia hubaki kama robo. Egemeza simu kwenye kiti au meza, kwa sababu gizani kamera huchukua muda mrefu kidogo na mkono ukitikisika picha inafifia.

Wazee wengine hawapendi kukaa mlangoni. Bibi angenifukuza. Usibishane naye, weka kiti hatua moja ndani ya kizingiti, mpe chai, piga akiwa anaongea. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama hati, isipungue ubora, maana ipo siku mtataka kuisafisha kubwa.