Vyura Wawili wa Jirani: Makao na Chakula cha Mnyama Mdogo Nyumbani

Jirani yangu hapa Gisenyi, ambaye ni askari polisi, alipata uhamisho wa kwenda Mashariki ya nchi majuma machache kabla ya shule kufungwa. Familia yake ilipokuwa ikipakia vyombo, mwanawe wa miaka kumi alivuka ua akiwa amekumbatia chupa kubwa ya kioo. Ndani yake mlikuwa na vyura wawili, kila mmoja akiwa na urefu wa kidole gumba. Mmoja alimpa jina la Koplo, na wa pili Sajini.

“Mwalimu,” akaniambia, maana jina hilo limenishika tangu nilipokuwa nikifundisha, ijapokuwa sasa kazi yangu ni ya ofisini, “nakuachia hawa. Nitapiga simu kila Jumamosi kuwaulizia.”

Niliahidi. Siku ya tisa Koplo akafa.

Jumamosi ilipofika nilitaka kumdanganya mtoto. Mama watoto alinikataza. “Mwambie ukweli,” alisema. “Mtoto wa askari naye apaswa kujifunza kupokea habari mbaya.” Nilimwambia. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: “Ulikuwa ukimpa nini?”

Ndugu msomaji, jibu langu halikuwa jema. Nilikuwa nikiwapa ugali na vipande vya mafuta ya nyama yaliyobaki mezani, na maji nilikuwa nikiyatoa bombani na kuyamimina palepale. Nina cheti cha ualimu, lakini nilimtunza kiumbe kwa kukisia. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza na kusoma, na hasa nilimwendea mwenzangu wa zamani anayefundisha elimu ya viumbe. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza, nayo yatamfaa kila mzazi ambaye mwanawe amemletea mnyama wa majini katika kopo.

CHURA HUYU NI NANI?

Katika nchi za Ulaya watoto wengi hupenda kufuga salamanda wa majini, mnyama wa ukoo wa chura mwenye mkia mrefu. Sisi hatuna mnyama huyo. Katika bara letu salamanda hupatikana kaskazini tu, huko Moroko, Algeria na Tunisia. Aliye wetu ni chura wa majini mwenye kucha. Jamii moja ya vyura hao huishi katika nyanda za juu za Rwanda, kusini magharibi mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, na wataalamu humwita chura mwenye kucha wa Kivu. Mtaalamu wa Kibelgiji, Raymond Laurent, ndiye aliyemtambulisha rasmi mwaka 1972, akampa jina la Kilatini lenye maana ya “aliyevikwa nguo”, na kweli mgongo wake una mabaka yanayometa kama shaba.

Chura huyu si kama igikeri arukaye bustanini wakati wa mvua. Maisha yake karibu yote ni ndani ya maji. Macho yake yako juu ya kichwa na hutazama mbinguni. Hana ulimi, chakula hukisukumia kinywani kwa mikono ya mbele. Katika kila mguu wa nyuma vidole vitatu vina kucha nyeusi. Ubavuni ana alama ndogo zilizopangwa kama mshono wa cherehani. Kwa hizo husikia mtikisiko mdogo wa maji na kujua windo liko wapi, hata gizani.

Akina mama watapenda kujua kwamba jamaa yake mkubwa wa Afrika Kusini aliwahi kuwatumikia wanawake wengi duniani. Lancelot Hogben, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyeanzisha uchunguzi uliofungua njia. Tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, hospitali nyingi zilipima mimba kwa kumdunga chura jike mkojo wa mwanamke. Chura akitaga mayai katika saa chache zilizofuata, mwanamke alijulikana kuwa ana mimba. Baadaye, kwa kutumia vyura hao hao, Mwingereza John Gurdon alifanya uchunguzi juu ya chembe hai uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kwa hiyo asidharauliwe.

MAKAO

Kosa la kwanza lilikuwa chupa. Chupa ni nyembamba, maji yake huchafuka upesi, na kioo hakifai katika mji wetu. Sisi wa Rubavu hatujasahau Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na matetemeko yakafuata kwa siku kadhaa, yakapasua kuta na kuangusha nyumba. Chombo chenye maji kisikae juu ya kabati. Kiwekwe sakafuni, penye kivuli na mbali na jiko.

Beseni pana la plastiki latosha. Kila chura apate maji yasiyopungua lita 10, yenye kina cha sentimeta 20 hivi. Usitumie karai wala ndoo ya bati. Bati hupakwa zinki, na zinki ikiyeyuka majini ni sumu kwa chura. Vivyo hivyo vyombo vya shaba. Nami nilikuwa nimekwisha kuandaa karai la bati, nikidhani namfanyia hisani.

Juu ya beseni funga kipande cha wavu wa chandarua kwa mpira au kamba. Wavu una kazi mbili: humzuia chura asitoroke usiku, maana hujua kuruka ajapokuwa mvivu mchana, na huwazuia mbu wasitage humo. Tunapohimizwa kumwaga maji yaliyotuama uani ili kupiga vita malaria, si vema nyumba ya mfugaji iwe ndiyo kiwanda cha mbu. Acha pia nafasi ya hewa kati ya maji na wavu, kwa kuwa chura huyu huvuta pumzi kwa mapafu na hana budi kupanda juu kila mara.

Ndani mwekee maficho. Kigae cha chungu kilichosuguliwa makali yake, kikainamishwa kama pango, humtosha. Mawe meusi ya volkano yaliyojaa hapa kwetu yasitumike, maana yana ncha na huchana ngozi. Wala usitandaze kokoto ndogo, kwani huzimeza pamoja na chakula.

MAJI

Hapa ndipo Koplo alipopotezea maisha, kwa kadiri nilivyoelewa. Chura hanywi maji kwa kinywa. Hunywa kwa ngozi, na kilichomo majini, kiwe kizuri au kibaya, hupita humo humo na kuingia mwilini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kutulinda sisi na maradhi ya tumbo. Jambo hilo ni jema kwetu, lakini kwa chura ni kama kuogeshwa kwa dawa ya kufulia.

Dawa ya jambo hili haigharimu senti. Jaza ndoo ya plastiki, iache wazi kwa muda wa siku nzima, na klorini itapotea hewani. Maji ya mvua nayo yafaa, mradi yasiwe yale ya kwanza yaoshayo vumbi la paa, wala yasitoke kwenye paa kuukuu la bati lililoanza kuchakaa.

Kila siku ya pili au ya tatu ondoa nusu ya maji na kuweka mengine yaliyolala. Yawe ya baridi ya kawaida ya nyumba. Hali ya hewa ya mji wetu, ulio karibu mita 1,460 juu ya bahari, humfaa sana. Kinachomdhuru ni jua la mchana likipiga beseni. Sabuni isikaribie kamwe. Beseni lisuguliwe kwa maji matupu na kitambaa kisichotumika kwa kazi nyingine.

CHAKULA

Ugali, mkate, wali na mafuta ya nyama si chakula cha chura. Tumbo lake liliumbwa kwa windo. Chakula bora kuliko vyote ni nyungunyungu, nao wamejaa chini ya majani ya mgomba na katika shimo la mboji. Waoshe, na walio wakubwa uwakate. Usiwachukue katika shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri kwa chura mchanga, na wakati wa mvua kumbikumbi waliong’olewa mabawa ni karamu.

Mara moja moja waweza kumpa kipande kidogo cha ini bichi kisicho na mafuta, au cha isambaza wabichi. Samaki hawa, ambao wazee wetu waliwaona wakiletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hawafai kuwa chakula cha kila siku kwa chura, na waliokaushwa kwa chumvi wasitumike kabisa. Jirani mmoja alininung’unikia kwamba ninamlisha chura nyama ilhali watu hawana. Nilimwonyesha kopo la nyungunyungu, naye akacheka. Mnyama huyu hamnyang’anyi mtoto kitoweo chake.

Chura mzima ale mara mbili au tatu kwa juma, aliye mchanga ale kila siku. Mpe kiasi atakachomaliza kwa robo saa, kisha kilichobaki ukiondoe. Mkono wenye huruma nyingi nao huua, kwani chakula kioozacho huharibu maji usiku mmoja.

AFYA YAKE NA YETU

Chura mzima wa afya hupanda juu upesi kuvuta hewa, na hushtuka ukigusa maji. Akivua ngozi nyembamba kama karatasi na kuila, usiogope, ndivyo alivyo. Bali miguu ikiwa na wekundu wa damu, tumbo likivimba, au akikataa chakula kwa zaidi ya juma moja, mtenge na wenziwe na ubadilishe maji kila siku.

Watoto wasimshike ila kwa lazima, na kwa mikono iliyoloweshwa maji safi. Baada ya hapo kila mtu anawe kwa sabuni, kwa sababu wanyama wa namna hii huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Maji machafu ya beseni yamwagwe bustanini, si kwenye karo la jikoni.

Tena, wanyama wa hifadhi wana sheria zao. Usichukue kiumbe chochote katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, na kwingineko uliza kwanza ofisi ya wilaya inayohusika na mazingira.

SAJINI

Nilimhamishia Sajini katika beseni jipya siku ile ile mwenzangu aliponifundisha. Kwa siku nne hakula. Siku ya tano alimshika nyungunyungu kwa mikono miwili, nami niliita nyumba nzima ije kutazama. Binti yangu alichukua daftari akalipiga mistari kama daftari la zamu: siku ya maji, siku ya chakula, jina la aliyefanya kazi. Kila Jumamosi tulimsomea mtoto wa jirani taarifa hiyo kwa simu.

Likizo ilipofika mtoto alikuja. Hakusalimu watu kwa muda mrefu. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akafunua wavu. Sajini alipanda juu.

“Amenenepa, Mwalimu,” alisema. Halafu akauliza Koplo alizikwa wapi. Nilimpeleka chini ya mgomba, akasimama hapo kidogo, kisha tukarudi ndani.

Alitaka kumchukua Sajini kule walikohamia. Tuliafikiana na baba yake, lakini nilimpa sharti moja, nalo nakupa wewe pia, msomaji, hasa wewe ambaye kazi yako hukuhamisha kila mara: mnyama wa majini asimwagwe katika kijito au bwawa la ugenini, hata ukichoka naye. Jamaa zake wa Afrika Kusini waliachiwa au walitoroka huko Kalifornia, Chile na Ufaransa, wakazaana na kula viumbe wa huko. Vyura wafugwao huweza pia kusambaza ukungu wa ngozi ambao umekwisha kuangamiza vyura wengi duniani. Ukishindwa, mkabidhi mtu mwingine anayejua kumtunza, pamoja na maelekezo yaliyoandikwa.

Mtoto alinakili daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilipokabidhiwa vyura wale sikuuliza lolote, naye hakupewa nafasi ya kunieleza. Yeyote atakayekuachia kiumbe chake mlangoni siku ya uhamisho, mwulize kabla gari halijaondoka: anakula nini, na maji yake hutoka wapi?